Hata Punje Moja

Jumapili, 5 Mei. Dzaleka.

Kama kawaida. Nimefika jana jioni, nimelala kwenye mkeka, nimeamka na moshi wa mkaa puani. Asubuhi kanisa. Mchana wagonjwa wa mlangoni. Watu wameshazoea. Wakisikia tu nimefika kwa Tantine wanakuja: mwenye kikohozi, mwenye mgongo, mwenye ndoto mbaya. Bado miezi saba nimalize chuo cha utabibu, lakini Dzaleka, kambi nzima ya wakimbizi, imeshanipa diploma yake.

Leo mgonjwa wa mwisho alikuwa Tantine mwenyewe. Tantine Alphonsine, mdogo wa mama yangu, aliyenitoa kwetu Uvira nikiwa mgongoni mwake na hajanishusha mpaka leo. Hakuja kulalamika. Nilimwona anavua kandambili, nikaona ukanda umeacha mfereji kwenye mguu. Nikabonyeza mfupa wa mbele kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikahesabu mpaka kumi, shimo bado lipo. Presha 178 kwa 110. Analalia mito mitatu, eti ndiyo starehe ya uzee. Ana miaka hamsini na minne.

Nimemwandikia karatasi ya kwenda nayo zahanati. Nimemweleza kila kitu, na nilijiona mtaalamu kweli: vidonge kila siku bila kuruka, miguu aiinue akiketi, chumvi aachane nayo kabisa. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama anasikiliza mahubiri. Kisha akanicheka. Eti siku hizi nikiongea, nusu ni Kichewa cha Malawi. Mdomo wangu umepata uraia kabla yangu. Nilifurahi, maana Tantine akikutania ujue hajakata tamaa.

Jumanne, 7 Mei. Kawale.

Mama Sifa kanipigia. Ni jirani yetu kule, mshonaji, anajua habari za mtaa mzima kabla wenyewe hawajazijua. Tantine ameanza dawa. Vidonge vya presha na vidonge vya kukojoa. Sawasawa na nilivyofikiri mimi. Nimetembea kutoka chumbani kwangu hapa mjini mpaka hospitali bila kuhisi ardhi. Nimepita sokoni, sikumbuki soko.

Madam Chirwa, anayetusimamia wodini, hapendi majina ya magonjwa. Ukimtajia jina anauliza, "Maji yametoka wapi?" Kama si maji basi damu, kama si damu basi hewa. Lazima umwonyeshe njia yote. Leo kanikuta nimelikodolea macho dirisha, akaniuliza kwa nini moyo uliochoka unajaza miguu maji. Nilijibu kama mtu anayesoma ukutani. Moyo ukishindwa kusukuma, figo hupata damu kidogo, zikadhani mwili umekauka. Basi hushika chumvi, hazitaki kuiachia. Na maji hufuata chumvi. Figo hazina kosa, zimedanganywa tu. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwake hiyo ni sherehe.

Siku nzima nimekuwa na hayo maji kichwani. Tantine alikulia bonde la Ruzizi, baba yake akilima mpunga. Aliwahi kunisimulia habari za mtu wa mifereji, anayefungua asubuhi na kufunga jioni, na mpunga unasimama ndani ya maji yaliyotulia. Namwona huyo mtu ndani ya Tantine. Kaambiwa kuna ukame. Anafungua, anafungua, na shamba limeshafurika.

Jumapili, 19 Mei. Dzaleka.

Ukungu mpaka saa nne. Baridi ya Dowa imeanza. Nimekaa mlangoni kwa muda mrefu nikitazama watu wanavyotokea, kwanza ndoo, kisha kichwa chini ya ndoo, kisha mtu mzima. Ningeweza kukaa hivyo siku nzima.

Presha 170 kwa 104. Miguu ileile. Nilitegemea zaidi. Wiki mbili si nyingi, nimejiambia. Anasema anakojoa kama mtoto mchanga. Basi dawa inafanya kazi. Mbona maji hayapungui?

Kuna kitu kimenisumbua. Mama Sifa amenionyesha gunia dogo la mchele, limejaa nusu, alilopewa na Tantine. Bure. Na ile sufuria nzito ya kupikia wali kampa vilevile. Tantine na wali! Mwanamke anayesema nsima, ugali wa huku, inajaza tumbo lakini haimfikii mtu. Anayechagua mawe kwenye ungo huku akiimba. Naijua maana yake. Nimewaona wodini wagonjwa wa namna hii, wanaanza kugawa vitu polepole, leo sufuria, kesho kitenge. Wanaaga.

Sikumuuliza. Niliogopa jibu. Nimepanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani na kichwa kizito.

Jumatano, 22 Mei.

Ndoto. Nilikuwa natembea ndani ya mguu wa Tantine. Maji ya uvuguvugu, mpunga pande zote, kijani mpaka macho yanauma. Hakuna upepo. Nilikuwa na kalamu na daftari na nilitakiwa kuandika kina cha maji, lakini kila nikiinama yanapanda na karatasi inalowa. Haikuwa ndoto ya kutisha. Nilikuwa na amani kabisa, hilo ndilo linaloniudhi.

Nimechelewa wodini. Madam Chirwa kaandika jina langu kwenye karatasi yake.

Jumapili, 2 Juni. Dzaleka.

Mbaya. 184 kwa 112. Mto wa nne. Kutoka nyumbani mpaka bombani anapumzika mara mbili, na bomba liko hapohapo. Mshipa wa shingo umesimama hadi karibu na sikio. Nimesikiliza mapafu. Chini kabisa, pande zote mbili, ile sauti ya nywele zikisuguliwa kati ya vidole.

Nimefanya kazi kama nilivyofundishwa. Nilianza na figo: mkojo kwenye kikombe, kijiti cha kupimia, hakuna protini. Ini: macho meupe, tumbo halina neno. Vidonge nilivimwaga mezani nikavihesabu kwa tarehe. Havikuzidi wala kupungua. Mwanamke huyu anameza dawa kuliko mgonjwa yeyote wa wodini kwangu.

Basi imebaki njia moja. Nilimuuliza, na nilimuuliza kwa ukali, kama kile nilichomkataza bado anakula.

"Sijakula hata punje moya, Espoir. Tangu ile siku. Mungu njo shahidi yangu."

Alinitazama sawasawa usoni. Nikatoka nje. Mama Sifa alikuwa ananisubiri ukutani na maelezo yake. Karuho. Kwetu mtu akidhoofika na hospitali haioni sababu, watu husema ni karuho, ile sumu ya polepole unayotiliwa kwenye kikombe na mtu anayekuchekea. Kuna mzee mmoja huko Kauma anayeitapisha. Mama Sifa alitaka wampeleke Alhamisi, ameshapata hata gari. Tantine amekataa. Kamwambia yeye ana dokta wake. Yaani mimi.

Nimekasirika siku nzima na sijui ninamkasirikia nani.

Jumatatu, 3 Juni.

Nilimweleza Madam Chirwa bila kutaja jina. Mwanamke wa makamo, moyo, dawa anameza, mkojo safi, na maji yanapanda. Hakufikiri hata nukta moja. Anakula chumvi, akasema. Chumvi haiingii mwilini kwa hewa. Nikamwambia mgonjwa ameapa. Akasema wagonjwa wote wanaapa, si kwa ubaya, kwa aibu.

Nilimchukia kwa dakika tano hivi. Kisha nikaanza kumwamini, na hilo limeniuma zaidi. Nilimwona Tantine kabisa, amegeukia ukuta, anajilambisha kiganja. Siwezi kuifuta hiyo picha.

Jioni nikampigia. Nilimwambia maneno. Kwamba ananidanganya mimi niliyemwamini kuliko mtu yeyote. Kwamba anataka kuniacha yatima mara ya pili kwa sababu ya ulafi wake. Nilisikia pumzi yake tu, fupi fupi, halafu jogoo wa jirani. Nikakata simu.

Alhamisi, 6 Juni.

Sijapiga. Na yeye hajapiga.

Ijumaa, 7 Juni.

Saa mbili asubuhi, simu ya Mama Sifa. Tantine ameketi kitandani tangu alfajiri, hawezi kulala, hawezi kusimama, anatoa povu lenye rangi ya damu. Zahanati wameita gari la wagonjwa. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sijui nilikuwa najibu nini.

Saa tano wakamwingiza wodini kwetu. Midomo rangi ya wino. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Mikono yangu ilijua kazi yake: hewa ya oksijeni, aketishwe, miguu ining'inie, sindano ya mshipani. Mikono ilikuwapo, mimi sikuwapo. Nilikuwa mahali penye ukungu, nikiona ndoo kabla ya kichwa.

Madam Chirwa alinitazama mara moja tu. Akanishika bega akanitoa kitandani, akaingia yeye. Alisema kwa sauti ya chini leo mimi ni mtoto wa mgonjwa, nikakae pale. Nikakaa pale. Hakuna aliyewahi kunionea huruma vibaya hivyo.

Mpaka jioni mfuko wa mkojo umejaa mara mbili.

Jumamosi, 8 Juni.

Amelala. Amelala kweli, kichwa pembeni, mdomo wazi. Maji yanatoka. Uso wake umerudi kuwa na mifupa. Ni mdogo. Sikujua kama ni mdogo hivi.

Alipoamka aliniona na akafumba macho tena.

Jumapili, 9 Juni.

Sikwenda kanisani. Nimekaa naye. Wodi siku ya Jumapili ni nchi nyingine. Mwanga unaingia kwa chini, unapita kwenye mashuka, unamgusa kila mtu miguuni kabla ya usoni. Nje walezi wa wagonjwa wanapika maharage kwenye mafiga, na wimbo wa mtu fulani haukuisha, ulipungua tu kama moto. Niliazima mto nikaegemea ukuta. Sikulala wala sikuwa macho.

Presha 150 kwa 96. Mito miwili.

Jumatatu, 10 Juni.

Niandike polepole.

Mama Sifa ndiye mlezi wake hapa, analala kwenye banda la walezi, anampikia. Leo mchana kaleta wali na maharage. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nampima presha bibi mmoja wa mtaa wa Area 47. Tantine akaiona sahani, akaisukuma kwa mkono mzima kana kwamba ina nge. Akamuuliza Mama Sifa kama amekuja kumuua. Hajui kwamba Espoir amemkataza? Mama Sifa akanung'unika, akauengua wali, akambakishia maharage. Tantine akaonja. Akakunja uso. Akanyoosha kiganja.

"Leta basi munyu kidogo. Hii haina ladha."

Munyu. Kwetu munyu ni chumvi. Kaiomba mbele yangu, bila kujificha, bila haya, kwa sauti ya mtu aliyetimiza masharti yote.

Niliweka kifaa cha presha chini. Nikaenda nikamuuliza taratibu, siku ile Dzaleka nilimkataza kitu gani. Akanishangaa.

"Muchele, Espoir. Ulisema niache muchele."

Mchere. Nilisema mchere. Sasa ninaisikia sauti yangu yenyewe, na madaha yake. Chumvi kwa Kichewa ni mchere. Ni neno la wodini, nalitamka mara hamsini kwa siku: musadye mchere, agogo, usile chumvi, bibi; chepetsani mchere, amayi, punguza chumvi, mama. Ulimi hauna mfupa. Ulilibeba neno mpaka nyumbani bila kuniuliza. Na sisi watu wa kule, l na r ni pacha, tunaita mmoja anaitika mwingine. Zahanati nao walimwambia, kwa neno lilelile. Amenieleza mwenyewe kwa fahari: aliwajibu kwamba anajua tayari, mtoto wake alishamfundisha.

Mwezi mzima kaacha chakula anachokipenda kuliko vyote. Sufuria kaitoa nyumbani ili asishawishike. Halafu kala nsima, na ndagala, wale dagaa wa chumvi, na mboga zilizolainishwa kwa soda ya kupikia, ambayo nayo ni chumvi ya namna yake, na munyu juu. Kila siku kwa uaminifu. Nami nikamwita mlafi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Sifa alitafuta aliyemtilia karuho. Karuho ni mimi.

Na bado sikusema. Niliichukua chumvi mkononi mwa Mama Sifa, nikasema, kwa sauti ya kidaktari, kwamba kuanzia leo na munyu pia hapana.

Pia. Nimesema pia.

Jumanne, 11 Juni.

Ametii. Hakuna wali, hakuna munyu. Anatafuna nsima na majani yaliyochemshwa, anameza kwa shida, na akiniona napita ananyanyua sahani kidogo ili nione. Miguu inapungua saa kwa saa. Shimo la kidole halidumu tena.

Madam Chirwa amefurahi. Kanipa kitabu cha Tantine, kile kidogo cha hospitali anachotembea nacho kila mgonjwa wa Malawi, niandike sababu ya kuzidiwa. Niliandika: mgonjwa hakuelewa ushauri aliopewa. Mwandiko mzuri. Nukta mwishoni. Ukiisoma, si uongo.

Nimerudi Kawale kwa miguu. Nimemwona mwanamke akipepeta mchele mlangoni kwake, punje zinapanda na kushuka, nyeupe, bila sauti, na nilisimama pale nikitazama mpaka akaniuliza nataka nini. Nilisema sitaki kitu. Nilikuwa naona aibu kwa mtu nisiyemjua.

Nikimwambia Madam Chirwa, huenda nikarudia mafunzo yote ya wodini. Nikimwambia Tantine, sijui. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa.

Jumatano, 12 Juni.

Nimefuta. Nimepiga mstari mmoja juu ya sentensi, kama sheria inavyotaka, ili ya zamani iendelee kusomeka. Chini yake nimeandika: mshauri alitumia neno ambalo mgonjwa halijui. Mshauri ni mimi. Nikaweka sahihi na kumpelekea Madam Chirwa.

Alisoma. Alisoma tena. Niliona anatafuta pa kuanzia. Kisha akauliza swali lake lilelile.

"Maji yametoka wapi, Espoir?"

Nikasema kinywani mwangu.

Nilitegemea anifukuze, nadhani nilitamani anifukuze. Akaniuliza kama nilimtaka mgonjwa arudie nilichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Sikumtaka. Ni jambo la dakika moja. Nilijua moyo, nilijua figo, nilijua chumvi inapita mlango gani. Sikujua Tantine amesikia nini. Alisema atanipa hukumu yake Ijumaa, lakini hatasaini kitu chochote changu kabla sijamwambia mgonjwa. Si jirani. Si kitabu. Mgonjwa.

Alhamisi, 13 Juni.

Nimemwambia. Saa nne, baada ya madaktari kupita. Nilivuta kiti, nikakaa, nikaanza na hali ya hewa kama mjinga. Kisha nikasema yote. Mchere na mchele. Na lile "pia".

Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua, akaikunja. Nilidhani atacheka. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa acheke, ndivyo anavyofanya, na baadaye ingekuwa hadithi ya kuwachekesha watu kanisani. Hakucheka.

"Ile ya muchele, sawa," kasema mwishoni. "Masikio ni yangu pia. Lakini uliniita mulafi. Mi nilikuwa na njaa, na wewe ukaniita mulafi."

Akageukia ukuta.

Nilikaa pale na sikumgusa. Nilimwomba msamaha mgongoni. Nimeandika vitabu vya wagonjwa wengine mpaka jioni, na kila mmoja nilimuuliza amesikia nini. Wawili kati yao walikuwa wamesikia mambo ambayo sikusema kamwe.

Ijumaa, 14 Juni.

Ameruhusiwa. Mama Sifa alimfungia kitenge, akabeba mito. Tantine alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, bila kupumzika. Nilimfuata nyuma na mfuko wa dawa. Hakuniaga, aliupokea mfuko tu, akauweka mapajani na kuukumbatia kwa mikono miwili.

Madam Chirwa ameniongezea wiki sita wodini. Sikubisha. Alipokuwa anasaini, kasema yeye mwenyewe hajawahi kuliwazia hilo neno, na ana wagonjwa wa Dzaleka miaka yote hii. Alilisema kana kwamba anawahesabu mmoja mmoja.

Jumatatu, 17 Juni.

Siku za ukungu kichwani. Nasikiliza mioyo ya watu na inasikika kama mtu anayegonga nyumba ya mbali. Leo nimesikiliza mmoja kwa muda mrefu kupita kiasi mpaka mwenyewe akaogopa. Alikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nimepotea tu humo ndani, palikuwa na utulivu.

Mama Sifa ameandika ujumbe. Tantine anapika wali bila chumvi, anakula na limau na pilipili, anawalaumu Wamalawi wote. Juu yangu hajasema kitu.

Jumapili, 23 Juni. Dzaleka.

Nilifika asubuhi. Sikuwafungulia wagonjwa wa mlangoni. Tantine alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, shali mabegani, jua dogo la Juni usoni. Nikamsalimia. Akaitika. Nikapima presha, 142 kwa 88, miguu imekauka. Nikamwambia ni vizuri. Hakujali namba.

Kwa muda mrefu tulitazama watu wakipita. Kisha akasema nianze upya.

"Anza mwanzo. Kila kitu. Kwa luga yetu, ya nyumbani. Mi nitarudilia, we usikilize."

Nikaanza. Nilisema neno moja moja, polepole, kila neno nikiligeuza kwanza kuona limetoka nchi gani. Hiki cheupe ni cha presha, asubuhi. Akarudia. Hiki kidogo ni cha kukojoa, asubuhi pia, si jioni. Akarudia. Munyu hapana, soda ya mboga hapana, ndagala wa munyu hapana, wali ruksa. Akarudia, na kwenye wali mdomo wake ulitabasamu kidogo, upande mmoja. Ukiona miguu inajaa tena, usingoje Jumapili yangu. Akarudia.

Akauliza kama yameisha. Nikasema yameisha. Akasema hapana, hayajaisha, anaona usoni kwangu.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia. Si tarehe tano Mei, si wodini. Nililizungukia kwa kila namna, kwa Kichewa, kwa Kifaransa, kwa maneno ya darasani. Kwa lugha yetu halina pa kujificha. Nikamwambia. Dawa zitaupumzisha moyo wako, Tantine, lakini umechoka, na hautapona wote.

Upepo ulipita na vumbi kidogo. Nilimtazama mdomoni, kama nilivyofundishwa.

"Moyo yangu imechoka," kasema. "Haitapona yote."

Karudia neno kwa neno. Hakukosea hata moja.

Kisha akasema jua limehama, nimsogezee kiti. Nikamsogezea.